Ombi la Ufafanuzi

Daktari Lindqvist, wa Duluth penye theluji,
mimi ni Ilamathi, msimbaji, Tiruchirappalli, ghorofa ya nne.
Kwangu ni saa nane usiku na feni inakwaruza;
kwako ni saa nane na nusu mchana, na jana bado haijaisha.
Hatujuani. Nauliza neno moja tu.

Mgonjwa wako wa kitanda cha kumi na saba,
mwanamke, miaka sitini na moja, dereva wa basi la shule:
saratani ilianzia utumboni, ikakatwa, ikaaga.
Miaka miwili baadaye ikabisha hodi kifuani.
Kitabu changu huiita ya pili saratani iliyohama,
hata ikifika ikakalia kiti cha mwenye nyumba.
Herufi C, sabini na nane, nukta, sifuri.
Hapo nimekwama. Imebaki alama ya tano:
moja ni pafu la kulia,
mbili ni la kushoto,
sifuri ni la daktari ambaye hakusema.

Wewe, Jumatatu, umeandika: kulia.
Msomaji wa picha ameandika: kushoto, vinundu vitatu,
kikubwa chao kama zabibu.
Muuguzi wa usiku ameandika kuwa sindano iliingia kushoto
ikatoa maji lita moja na robo, mekundu kama chai iliyokolea,
na kwamba mgonjwa aliuliza nani atawalisha kuku wake.
Aliondoka Ijumaa. Safu ya kuondoka inasema ishirini,
maana yake hakutoka kwa miguu yake.
Kuku hawana msimbo. Nimetafuta.

Najua jibu, Daktari. Tangu saa sita nalijua.
Lakini siruhusiwi kulijua.
Sheria yetu: msimbaji asimwongoze tabibu,
asimtie neno mdomoni, asibashiri;
tabibu asipoliandika, halikutokea.
Basi nakuandikia kama mtu aliyezaliwa leo:
"Tafadhali bainisha upande.
Kulia. Kushoto. Yote mawili. Haijulikani."

Kulia: neno hili lina mambo.
Ni upande wa mkono uletao tonge mdomoni,
ni machozi,
na ni pafu lake lililokuwa zima.

Bwana Thangaraj, msimamizi, hana muda na maneno.
Anahesabu mafaili, ishirini kwa zamu,
mimi niko la tisa.
"Weka sifuri twende," anasema, akigonga meza kwa pete.
Sikuweka. Nimekwenda kuchukua kahawa ya tatu,
nikasimama dirishani na kikombe mkononi
nikivuta pumzi, mara upande huu, mara ule,
kana kwamba pumzi huulizwa inakokwenda.

Nyumbani namfundisha Nirmalan pande. Ana miaka mitano.
Nasimama mbele yake, nainua mkono wa kulia.
Anainua wa kushoto, anacheka, ameshinda.
Namkemea kila siku.

Saa kumi kasoro robo, jibu lako:
"Kushoto. Samahani.
Nilikuwa nimekaa mbele yake nilipoandika,
tunatazamana, ananieleza njia ya basi lake,
kituo kwa kituo, na watoto wanaoshuka wapi.
Pafu lile lilikuwa upande wangu wa kulia."

Nimelisoma mara mbili, ingawa ni refu kuliko tunavyoruhusu.
Neno moja ndilo litakaloingia kwenye faili.
Hayo mengine, sijui yanakaa wapi.

Naandika mbili. Faili linafungwa, linakwenda kulipwa.
Asubuhi sitasimama tena mbele ya mtoto.
Nitasimama nyuma yake,
niangalie anakoangalia yeye.

Faili linalofuata ni la goti.
La kulia. Imeandikwa wazi, mara nne.