Kalamu Ilale Mezani

Chumba cha kumi na nne, juu ya maktaba, Ngara.
Jumatano alasiri, mvua imeyashika mabati ya karakana za chini
na mimi nimeandika ubaoni: KUMFUNDISHA MWENZAKO.
Nikafuta KUMFUNDISHA.
Sikupata neno la kuweka pale. Nikaacha pengo.

Wamekuja saba. Nilialika kumi na wawili.
Watatu wana mtihani, mmoja anauza simu Luthuli mpaka saa moja usiku,
wa tano hakusema kitu, na simlaumu:
posho yetu haimfikishi mtu Kayole.

Muthiani ndiye bingwa wetu wa hesabu.
Nimemkalisha na Kwamboka, waigize:
Kwamboka ajifanye milinganyo imemshinda.
Dakika haijaisha, kalamu ishamtoka Kwamboka,
iko kwa Muthiani, inakimbia,
inakata, inahamisha, inalipigia jibu mstari mara mbili.
"Umeona?"
"Nimeona."
Naam, ameona. Hata aliyesimama dirishani huona
mkate wa mwenzake ukiliwa.

Nikasema: kalamu ilale mezani, upande wa aliyekuja kusaidiwa.
Uliza, kisha ngoja.
Ningoje kiasi gani, mwalimu?
Hesabu moyoni hadi kumi.
Hawakuvuka nne.
Kimya kiliwawasha kama upupu.
Abdirizak akakohoa, akatoa dokezo,
kisha dokezo la dokezo,
kisha jibu lenyewe, amelivisha alama ya kuuliza.

Na hilo neno "nimeelewa",
nimewaonya nalo kuliko yote.
Kwetu ni adabu tu, kama kusema "nimeshiba" ugenini
na tumbo linanguruma.
Usilibishie. Sogeza karatasi, sema: nionyeshe.

Jepkosgei alinyamaza karibu saa nzima.
Kisha: "Na akiniuliza nisichokijua?"

Vichwa vikainama.
Kumbe kila mmoja alikuja na sarafu hiyohiyo mfukoni,
hakuna aliyetaka kuitoa wa kwanza.
Nilikuwa na kurasa nne kuhusu jambo hilo,
nimezitolea nakala River Road kwa pesa zangu.
Nikaanza kuzisoma.
Nikaeleza. Nikaeleza nilichokwisha eleza.
Nikachora duara, na mshale, na duara jingine,
hadi nilipomwona anatikisa kichwa kwa heshima.
"Nimeelewa, mwalimu."

Nikautazama mkono wangu.
Kalamu ilikuwa ya Jepkosgei.
Sikumbuki niliichukua saa ngapi.

Nikairudisha mbele yake.
"Sijui," nikasema. "Wewe ungefanyaje?"

Moja. Mbili.
Huko chini mtu anagonga chuma, anapumzika, anagonga.
Tano.
Maneno yamenijaa mdomoni kama mahindi ya moto,
siwezi kuyameza, siwezi kuyatema.
Nane. Kwamboka anauma kidole.
Kumi.
Kumi na moja, na kumi na moja haikuwa kwenye maagizo yangu.

"Ningemwambia," akasema, polepole,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani,
"hata mimi sijui. Lete kitabu.
Turudi pale ulipoanza kupotea,
huenda na mimi nilipotelea hapohapo,
ila niliruka nikapata alama."

Muthiani akacheka, halafu akaacha kucheka.

Tulifunga saa kumi na moja na nusu, mlinzi akitikisa funguo.
Kurasa zangu nne walizibeba juu ya vichwa, mvua isiwaloweshe,
na sijawahi kuona zikifanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Jumatano ijayo watakuja sita, au wanane.
Muthiani ataishika tena kalamu, namjua.
Nami pia.
Ubao sikuufuta. Pengo bado lipo,
kabla ya neno MWENZAKO.