Kabla Hajasema Tayari

Nyawera, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
ukungu wa ziwa haujapanda hata ngazi moja ya Kadutu.
Wauza mikate wanapuliza vidole.
Nafuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati,
namngoja wa kwanza.

Mteja hulipia uso mmoja tu:
kidevu juu, mkono kiunoni, pumzi imebanwa.
"Fotografe, niko tayari."
Mimi nimekwisha kupiga.
Nimepiga alipokuwa akitafuta kifungo,
alipomkemea mtoto kwa jicho,
alipolamba kidole akafuta tope kwenye raba.
Hiyo hainunuliwi.
Hiyo naichapisha kwa franka zangu, naitia katika kopo la maziwa
pamoja na mchoma mahindi anayesemezana na makaa,
na askari wa barabarani aliyefumba macho
jua lilipomgusa shavu baada ya siku tatu za mvua,
na wasichana wawili mlangoni pa saluni,
kichwa kimesukwa nusu, umeme umekatika,
wanacheka.

Mke wangu husema: unafuga njaa ndani ya kopo.
Hajakosea.

Jana mvua ilinisukuma chini ya bati la Zihalirwa, mshona viatu.
Akanifuata Mama Nabintu, bado ana nguo nyeusi za kilio.
"Cirimwami hakuwahi kusimama mbele ya kamera.
Alisema picha ni za watu wenye nafasi.
Sasa mdogo wetu ananiuliza, pua ya baba ilikuwaje?"

Nikamimina kopo juu ya mbao.
Si huyu. Si yule.
Kisha, nyuma ya kijana anayenyoosha suti ya kuazima,
pembeni, si mkubwa kuliko kidole gumba:
mwanaume kwenye kigoda hiki hiki,
kiatu kimoja kiko kwenye sindano,
mguu wa soksi umepumzika juu ya mwenzake usilowe,
anatazama mvua
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.

Mama Nabintu hakulia.
Aliisogeza picha hadi karibu na macho.
"Soksi," akasema.
"Niliishona kwa uzi mwekundu, sikuwa na mwingine.
Akaapa hataivaa."

Nyundo ya Zihalirwa ikabaki hewani.

Franka nilizikataa.
Akainama kuifunga picha katika pindo la kitenge,
polepole, kama anayefunika chakula cha mtu atakayechelewa,
na kidole changu, Mungu anisamehe,
kikawa kimeshabonyeza.

Hiyo sijaichapisha.