Kitabu cha Wageni

Usiku huu tumeajiri watu wasiokuwepo.
Hawali, hawasinzii,
hawatatudai nauli ya asubuhi.
Rweyongeza alianza kuwaita mmoja mmoja,
Mgeni 00001, Mgeni 00002,
mpaka akachoka, akaiachia mashine izae yenyewe.

Kijitonyama, ghorofa ya tatu, saa saba.
Chipsi mayai zimeganda mfukoni.
Ijumaa saa nne kamili yatatoka majina
ya waliopata viwanja ng'ambo ya Kigamboni:
viwanja mia tisa, waombaji laki mbili na ushei.
Bi Mwajabu alishatuambia, wala hakupandisha sauti:
"Mwaka juzi ililala tovuti.
Safari hii ikilala, nyie mtaamkia nyumbani."

Basi tunaleta mafuriko kukiwa kukavu,
kwenye tovuti ile ile ya kweli, maana ya pili hatuna.
Anayengoja masika ndipo apime kimo cha daraja
amuulize aliyewahi kukwama Jangwani
akiutazama upande wa pili,
unga wa wanawe kwapani.

"Fungulia," nikasema.
Elfu moja wakaingia kwa heshima zao.
Elfu tatu, ukurasa ukavuta pumzi.
Elfu tano, grafu ikapinda mgongo
kama mchukuzi wa Kariakoo anayeongezewa gunia
na bado hajasema kitu.
Elfu sita na mia nne,
puu.
Ukurasa mweupe pe, sanda ingali dukani.

Tukamsaka mchawi.
Kumbukumbu? Nusu nzima haijaguswa.
Njia? Pana, tupu, ungeweza kuanika mpunga.
Saa tisa kasoro ndipo tukamwona,
chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijani:
*Karibu. Wewe ni mgeni wetu wa*
na tarakimu zake.

Nani aliweka hii?
Mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini,
nikijiona mstaarabu.
Ni kile kitabu cha ofisi ya serikali ya mtaa,
kalamu moja, imefungwa kwa uzi isiibwe:
jina, utokako, dhumuni, sahihi.
Watu elfu sita wamesongamana mlangoni,
ndani viti vitupu,
kila mmoja anaingoja kalamu iliyo kwa mwenzake.
Wingi haukutuua.
Ilituua karibu yetu.

Nikaufuta. Mstari mmoja tu.
Elfu kumi wakapita. Elfu ishirini.
Rweyongeza akapandisha hadi thelathini,
grafu ikatulia kama maji ya mtungi,
naye akacheza mabega bila kuinuka kitini.

Kwa mazoea tu nikapekua daftari la maingilio,
na humo, katikati ya umati wetu wa bandia,
nikamkuta mmoja ambaye hatukumzaa.
Simu ya zamani. Kivinjari cha zamani zaidi.
Saa saba na dakika kumi, amegonga, amerudishwa.
Saba na ishirini na mbili, amerudishwa.
Saa nane. Saa nane na robo.
Mara tisa tumemsukuma ukutani
kwa viwiko vya watu wasio na viwiko.

Anatoka wapi, daftari halisemi.
Mimi nikampa Mbagala, chumba kimoja,
kodi ya miezi sita inayokwisha mwezi huu,
mwanga wa simu ukiwa chini ya shuka
asimwamshe mtu.
Huenda nimekosea yote.
Huenda ni mlinzi tu, anaua usiku.

"Zima," nikamwambia Rweyongeza.
"Grafu ndiyo kwanza inapendeza!"
"Zima."
Elfu thelathini wakatoweka bila kuaga.

Saa kumi na dakika nne akagonga tena.
Ukurasa ukafunguka hapo hapo,
mlango mzima ukawa wake peke yake,
na ndani, kwa herufi nyeusi zilizo wazi, akasoma:
Majina bado hayajatoka.