Soksi za Matikiti

Miaka ishirini na sita nimevaa soksi nyeusi.
Nyeusi, kisha nyeusi, kisha ile iliyokuwa nyeusi
kabla maji ya chumvi ya Dodoma hayajaifundisha ukijivu.
Alfajiri umeme ukikatika
nilipapasa ndani ya droo, nikatoa mbili,
nikazisoma kwa vidole:
hii ina kisigino, hii imebaki jina.
Taa zikirudi naona si pacha,
ni majirani tu, na hawasalimiani.

Hakuna aliyewahi kusema neno.
Nani atainama kutazama vifundo vya mtu wa masijala?
Serikali ilipohama nilihama nayo,
mimi na makabati kumi na mawili,
nikarudi kwa wazee wangu kama mgeni,
na barua mkononi yenye jina lililokosewa:
Ndahana, badala ya Ndahani.
Sikuirudisha. Niliitika kwa Ndahana
hadi aliyeichapa akastaafu.

Basi Jumamosi moja nikaenda Sabasaba kutafuta sumu ya panya.
Lameki alikuwa amefungua balo,
soksi zimemwagika turubaini
kama harusi iliyopasukiwa na mfuko.
"Buku, mzee! Buku! Mguu nao una macho!"
Nikaziona. Matikiti.
Kijani ukingoni, wekundu katikati,
na mbegu, mbegu kabisa, ningeweza kuzihesabu.
Nikasema ni za mjukuu.
Sina mjukuu.
Lameki akaizungusha moja kwenye ngumi yangu, akapima.
"Huyu mjukuu," akasema, "anavaa namba tisa."
Panya niliwasahau.

Jumatatu nikazivaa kwenda Mtumba.
Suruali ndefu, kiatu cheusi, jalada kwapani,
na huko chini shamba zima linacheka kimyakimya.
Mkurugenzi aliniuliza kama nimepandishwa cheo.
Nikamjibu bado.

Sijui nilisahau vipi.
Siku ya posa ya Mika, mpwa wangu, huko Hombolo,
tulifika na vumbi letu na maneno yetu ya kukariri,
na mimi ndiye mshenga, mtu wa kauli nzito.
Mlangoni wakasema: karibuni, viatu hapa.

Kimya kilichoingia sebuleni, mtu angeweza kukikalia.
Mzee Chigwile alitazama miguu yangu,
akatazama dari, akatazama tena.
Mika alifumba macho: Tabitha ndiyo basi.
Nikakohoa. Nikaanza:
"Sisi wapita njia tumeona ua katika boma lenu..."
Bibi yake binti, ambaye macho yamemchoka,
akainama kutoka kigodani
mpaka pua ikakaribia kidole changu gumba.
"Mnaomba ua,
na matikiti mmeshavuna?"

Kicheko kilianzia jikoni, kikaja sebuleni kimebeba chai.
Wakapunguza ndama mmoja.
Sisemi ni soksi. Mika ndiye anayesema.

Njiani kurudi nikakumbuka Mvumi, darasa la tatu,
soksi nyeupe, za kwanza,
mama aliuza debe la karanga kuzipata.
Kufika saa nne zilikuwa udongo mtupu,
maana vumbi la kwetu halijui shule wala Jumapili,
na mwalimu akanichapa kwa uchafu.
Mama sikumwambia. Alizifua, akazianika juu ya ukuta wa tembe,
akakaa kuzilinda zisichukuliwe na upepo.
Nadhani tangu siku ile nilikuwa natafuta
rangi isiyoweza kushtakiwa.

Sasa kambani kwangu Nkuhungu zipo jozi saba:
vinyonga, zabibu, pundamilia wa zambarau,
nyingine sijui ni nini, labda ni viazi.
Upepo wa Julai ukija zinapiga mateke,
zinatembea angani bila kunisubiri.
Tikiti la kushoto limetoboka kidoleni,
nimelishona kwa uzi wa njano, mwekundu sikuupata.

Na zile nyeusi?
Napigia viatu rangi.
Kazi zinaiweza. Ni watumishi wa siku nyingi.