Kiota cha Ufunguo

Nilikitengeneza Jumapili,
karakana imefungwa, mvua ya Eibar inapiga paa:
kipande cha bomba, springi moja,
swichi ndogo kama punje ya mahindi.
Ufunguo wa taya ukilala humo, umeme unapita.
Ukiwa nje, kerezo ni chuma tu.

Baba hakusema kitu hadi Jumatatu mchana.
"Miaka thelathini na minane," akasema, "sijausahau hata mara moja."
Kovu juu ya nyusi yake likasikia, likanyamaza.
Nami nikanyamaza. Kovu lile lilikuja nyumbani
mwaka niliozaliwa, limefungwa bendeji,
na shangazi Garbiñe akasema ni ngazi.

Wiki nzima alikiita kiota kile yaya,
mama mkwe, polisi wa trafiki.
Unai, mwanagenzi wetu, alicheka,
kisha akavitazama vidole vyake, akavihesabu bila kujua.

Novemba. Saa nne kasoro robo. Oda ya ekseli sitini za baiskeli,
na simu ya hospitali ikalia: Mama amehamishwa wodi,
hapana, si vibaya, lakini njooni jioni.
Baba akakata simu, akafuta mikono,
akabonyeza kitufe cha kijani.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akamtukana fundi umeme,
akamtukana marehemu baba wa fundi umeme,
akafungua sanduku la fyuzi, akalifunga,
akalipiga kerezo kofi kama punda aliyegoma.
Punda hakusogea.
Ufunguo ulikuwa pale pale katika taya, umesimama wima,
mpini wake umelielekea paji la uso wake.

Nami sikusogea. Wala Unai.
Ungeweza kuusikia mto Ego ukijikokota chini ya barabara.

Aliuchomoa polepole, kama atoaye mwiba mguuni mwa mtoto.
Akaulaza kiotani. Tak.
Hakuwasha mashine. Alikwenda kunawa mikono
iliyokuwa safi tayari, akakaa huko hadi maji yakapoa.

Kerezo halikumuuliza ana miaka mingapi kazini.
Halikuuliza habari za Mama.

Jioni, garini, njia ya hospitali,
waipa zikienda na kurudi, baada ya taa ya tatu:
"Na ule msumeno wa duara," akasema, uso dirishani,
"mfuniko wake, unaweza kuufundisha vile vile?"