Sita, Saba, Tisa

Samail, mwezi wa saba. Kipimajoto cha zahanati
kilifika arubaini na saba, kikatulia hapo
kama mgonjwa aliyekwisha kusema lake.
Shinuna kalivua gauni la Ruwi, lile la marinda,
lenye lesi ya nailoni inayouma kwapani,
anazunguka nyumba nzima na chupi,
analaza tumbo juu ya vigae:
kimoja kikipata moto, anahamia cha pili.

"Mfumie kitu," kasema mama yake,
"wageni wanakuja Alhamisi, mtoto yuko uchi."

Nikatoa kroshia na uzi wa pamba,
manjano, manjano ya bizari iliyomwagika.
Mikono hii ilifundishwa Ng'ambo, barazani kwa Bi Time,
aliyekuwa akikupiga kidoleni ukikosea jicho moja.
Miaka arubaini na kitu niko huku.
Nagombea bei kwa Kiarabu, naombea maiti kwa Kiarabu,
hata paka namfukuza kwa Kiarabu,
lakini vidole havikuhama.
Moja, mbili, tatu, nne, tano,

na Shinuna kaja, kidevu juu ya goti langu,
anasikiliza kama mtu anayesikiliza
ugomvi wa majirani ukutani.

Sita.
Akaruka. "Hiyo yetu!"
Saba.
"Na hiyo!"
Nane ikampita. Tisa akaidaka.
Kumi nilipoitamka alinikazia macho
kama amenikuta na mkono mfukoni mwake.
"Mlizichukua lini?"

Mjukuu wa ndugu yangu, mimi nimeambiwa mengi
kuhusu nani alichukua nini kwa nani,
na lini, na kwa jahazi gani.
Kuhusu sita sikuambiwa. Nikavuta uzi.

Ndipo nikaamua, bila kumwambia mtu:
sita, saba na tisa nizikaze, ziwe nguzo;
zilizobaki niziache wazi, mnyororo mtupu,
upepo upite ukitaka kupita.
Kila kumi, matundu saba.

Dada yangu Ghaniya akaliinua dirishani:
"Gauni hili au jarife la kuvulia papa?"
Nikamwambia atafute shimizi, aache maneno.
Kidonge cha uzi kikatuponyoka,
kikabingirika mpaka chini ya friji.
Mtaka cha uvunguni, nikasema,
nikayatazama magoti yangu,
nikamtuma Shinuna.
Alirudi na uzi, na vumbi,
na kijiko tulichomsingizia mfanyakazi mwaka juzi.
Hakuna aliyesema kitu juu ya kijiko.

Alhamisi alilivaa. Akainua mikono,
akasubiri, kisha akacheka: upepo ulikuwa umemwingia
mbavuni, tundu kwa tundu.
Wageni walipoletewa kahawa na tende, yeye hayupo.
Tulimkuta mferejini, maji kifuani,
amekaa kwenye falaji na gauni lake
kama bibi harusi aliyekosa njia.

Pamba ikinywa maji haina adabu.
Lililoishia magotini likaburura chini,
zito, linachuruzika mpaka kwenye zulia la wageni.

Usiku nikalifumua upindo, safu nne.
Uzi ulitoka na mawimbi yake,
hautaki kunyooka, umeshazoea kukunjwa.
Shinuna alikaa akiukusanya shingoni, mkufu baada ya mkufu.
Tukahesabu kurudi nyuma.
Kumi, nikasema.
"Tisa," kasema yeye.
Nane.
"Saba, sita," haraka, asije akanyang'anywa.
Tano. Nne. Hapo nikanyamaza,
nikajifanya natafuta miwani.
Kiyoyozi kilikohoa.
"Tatu," akasema, polepole, akiionja. Halafu "moja."

Mbili aliiruka. Sikumpiga kidole.
Nilivuta tu, na pale palipokuwa na mbili
palikuwa na tundu toka mwanzo.