Kaburi la Mkono

Makaburi yetu yalianza na mkono.
Si mtu: mkono, wa kushoto, hadi kiwiko,
uliobaki juu ya jabali baada ya baruti iliyochelewa
siku ya Jumanne, mwaka wa nzige.
Mwenyewe, Chisale, Mnyasa, alipelekwa hospitali
kwa lori la kokoto, akiuliza saa yake iko wapi.

Saa ilikuwa kwenye mkono.
Bado inatembea, alisema Kavinya, mpishi wa kambi,
akaufunga kwa leso yake ya pili
(ya kwanza alikuwa ameivaa),
akasema kilichofanya kazi hakitupiwi fisi.
Wakachimba futi mbili. Chini yake ni mwamba.

Hivyo ndivyo Machimboni, huku nyuma ya Njiru,
kilivyopata mahali pa kulala
kabla hakijapata kisima, wala shule, wala jina.

Chisale alirudi, akapewa kazi ya kuhesabu malori.
Kila Jumapili alikwenda kuusalimia mkono wake.
"Hujambo huko? Mimi bado nahangaika."
Watoto tulimfuata tukicheka. Hakutufukuza.
Alisema wengi hawajui watazikwa wapi;
yeye ametanguliza mzigo.

Kisha wakaja wengine, wazima wazima.
Wepukhulu, aliyeangukiwa na tabaka la juu.
Pacha wa Nanjala, walioishi siku moja, wakagawana.
Odiero, ambaye kwao walituma barua, mleteni,
tukachanga nauli ikafika Nakuru tu,
basi tukamzika hapa, na zile pesa tukanunua sukari ya matanga.
Na bibi mmoja muuza maziwa, mvua ilimkuta kwetu, kisha homa;
hakuna aliyekuwa amemuuliza jina.

Kavinya ndiye aliyetunza daftari.
Hakujua kusoma. Alichora:
nyundo, sufuria, gurudumu la toroli,
nukta kwa mtoto mchanga,
kwa yule bibi, kibuyu.
Ukurasa wa kwanza, vidole vitano.
Kavinya ni mama yangu. Alinirithisha daftari
na ufunguo wa lango ambalo halijawahi kuwa na kufuli.

Mawe hatukununua. Ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho.
Mchongaji alijichagulia lake angali na nguvu,
akaliegemeza ukutani, mkewe akalikalia
akichambua maharagwe, miaka, hadi likang'aa.

Machimbo yakaisha. Shimo likajaa maji, maji yakaota vyura.
Mji ulikuja kwa mabati, ukarudi kwa ghorofa.
Juzi wakafika wapimaji na kopo la rangi nyekundu,
wakampa kila marehemu namba.

Kijana wa fomu alikuwa mpole.
Vumbi jeupe lilimfika magotini.
Alipekua daftari la mama mara mbili, midomo ikihesabu.
"Makaburi sitini na moja, mama. Watu sitini.
Kuna moja halina mtu?"

Nikamweleza.
Kwamba Chisale alipofariki, mwaka wa mahindi ya njano,
tulibishana hadi jogoo la pili:
tuufukue mkono, alale mzima?
Wengine wakasema Mungu atamtafuta kwa tabu.
Mama akasema, amezoea kuutembelea.
Tukamlaza hatua nne kutoka pale,
umbali wa watu wanaojuana, wasiohitaji kupaza sauti.

Kijana akaitazama fomu yake.
Mstari mmoja, marehemu mmoja.
Jina. Umri. Jamaa wa karibu.
Kalamu ikasimama hewani muda mrefu,
kule ghorofani mtu akianua nguo,
vyura wakiendelea na shauri lao.

"Na saa?" akauliza, si kwa ajili ya fomu.
Nikamwambia hatukuivua.

Akatupia jicho ya kwake,
kisha polepole
akaishushia mkono wa shati.